Siku Kaa Alipong'ata Nta

Kaa aliingia kliniki akiwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Muuza samaki wa mapambo kaubeba kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa yai la mwenzake. Mimi nipo mapokezi, simu mkononi, na kabla jamaa hajamaliza kusalimia nilishapiga picha kibao. Si za kwake. Za kaa.

"Huyo hapo," akasema, akautua mfuko juu ya meza yangu katikati ya kadi za wagonjwa. "Wa kijani, mdogo, mpole. Mapovu yenu atayatafuna kama bisi."

"Mpole kweli? Una uhakika?"

"Dada yangu, mimi nauza. Siapi."

Akaondoka zake anapiga mluzi. Nikabaki natazamana na kaa. Macho yake yako juu ya vijiti, moja linaniangalia mimi, lingine linaangalia tangi. Moyoni nikamwambia, rafiki yangu, hujui umeingia kwa nani.

Ameingia kwa shangazi yangu, daktari wa meno, mwanamke anayechukia kaa kuliko anavyochukia pipi.

Sikilizeni. Pale wagonjwa wanapokaa kusubiri, kuna tangi la samaki wa maji chumvi, refu kama kitanda cha mtoto. Shangazi aliliweka kwa ajili ya waoga. Mtu akisikia mashine inalia huko ndani, vzzzzzz, badala ya kukimbilia mlangoni anaangalia samaki. Na linafanya kazi! Nimeshaona mwanaume mzima, mabega kama kabati, akiacha kutetemeka kwa sababu ya samaki mmoja wa ukubwa wa kidole.

Huyo samaki ndiye Bi Harusi. Mweupe, mkia wa njano, macho makubwa yanayozunguka kila upande, na si wa kuogelea ovyo. Anakaa. Ana jiwe lake katikati ya tangi, analikalia mchana kutwa anatazamwa, ndiyo maana tukamwita hivyo. Zamani alikuwa na Bwana Harusi wake, wanakaa ubavu kwa ubavu. Halafu Shangazi akanunua jiwe jipya la kuongezea, kumbe ndani ya tundu la lile jiwe kajificha kaa. Hatukumjua mpaka asubuhi moja tulipomkuta Bwana Harusi nusu. Nusu, jamani! Shangazi alifuta miadi ya siku nzima. Waliokuja na meno ya dharura walipewa dawa ya maumivu na wakaambiwa kuna msiba.

Tangu hapo neno kaa likawa halitajwi. Hata ukimwambia mgonjwa "kaa hapo," unamwona Shangazi anakunja uso.

Sasa ukaja mwani. Si ule wa kupepea kama nywele, huo tuliuzoea. Huu ni mwani wa mapovu, vidude vya mviringo vya kijani vinang'aa kama shanga za kioo, vinaota juu ya mawe kwa mafungu. Ukikipasua kimoja, mbegu zinasambaa majini, ukigeuka vimeota vingine tele. Shangazi alivipiga vita kwa vifaa vyote vya kazini. Alivikwangua kwa vyuma vya kutolea ugaga. Akavinyofoa kwa kibano. Akavinyonya kwa ule mrija wa kunyonya mate! Vikarudi na ukoo wao. Vikafunika matumbawe, vikapanda jiwe la Bi Harusi, mpaka mwenyewe akawa anakalia ukingoni kama abiria aliyepewa nusu kiti.

Jumatatu Shangazi akasimama mbele ya tangi, barakoa imening'inia sikio moja, akasema, "Basi. Jumamosi tunalimwaga."

"Shangazi!"

"Jumamosi. Bi Harusi atarudi dukani kwa muuza samaki, apate jiwe lisilo na majipu. Nimeng'oa meno ya watu wazima waliokuwa wananing'ata, lakini haya majani yamenishinda."

Alisema kikavu, akaingia ndani, akafunga mlango. Ila mimi nilimwona kupitia kile kioo cha mlangoni. Alikuwa amesimama tu, mkono kiunoni, anatazama ukuta. Shangazi hatazami ukuta. Yule ni mtu wa kufanya vitu.

Nikazama mtandaoni. Nilisoma mpaka simu ikaanza kuchemka, na nikapata dawa. Yupo kaa mdogo wa kijani ambaye chakula anachokipenda ni hayo hayo mapovu. Anatembea juu ya mawe, anachuma, anakula. Sasa ubaya wake ni huu: wapo na kaa wengine wenye manyoya na miguu kama yake, ambao chakula wanachokipenda ni samaki aliyelala. Wanafanana kama mapacha. Tena hata huyo mpole, akishinda na njaa anaweza akasahau upole.

Nilipomweleza Shangazi alinitazama kama nimemwambia tumwajiri mwizi awe mlinzi.

"Unataka nimwekee Bi Harusi kaa."

"Kaa mzuri, Shangazi."

"Bwana Harusi naye alidhani hivyo hivyo."

Akaendelea kuosha mikono. Akaosha sana. Halafu akasema bila kugeuka, "Mlete. Lakini haguswi na maji ya tangi mpaka mimi niridhike kwa macho yangu. Na akimgusa yule mtoto wangu, wewe ndiye utakayekalia lile jiwe."

Ndiyo hivyo kaa akaja Jumanne, na kwa sababu hakuruhusiwa kukaa mapokezi, akapelekwa kwa Fundi.

Fundi ni shemeji yake Shangazi, mdogo wake mumewe, na ndiye anayetengeneza meno bandia ya kliniki. Chumba chake kipo nyuma, kimejaa unga wa plasta, na ukutani kuna rafu nzima ya vinywa vya watu vilivyotengenezwa kwa plasta, vyote vinacheka. Mimi ananiita Bi Simu. Shangazi anamwita "shemeji" kwa sauti ambayo wanawake wengine wanaitumia kuita paka aliyepanda mezani.

"Mgonjwa gani huyu hana hata jino moja?" akauliza nilipomletea.

"Usimchezee, Fundi. Yupo kwenye uchunguzi."

Tukampangia chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, tukamwekea maji ya chumvi, mpira wa hewa, na kipande cha bomba la kujifichia. Akaingia kwenye bomba kinyumenyume kama dereva mzoefu. Nikarekodi. Nikaweka mtandaoni, nikauliza, jamani huyu ni mwema au muuaji?

Nilijuta! Mmoja akasema mwekeni, hana neno. Mwingine akasema mkimweka mtalia. Mwingine akasema yeye hajui mambo ya tangi ila anajua mambo ya sufuria. Wakaanza kutukanana wao kwa wao, kaa wangu kasahaulika. Ila dada mmoja aliandika maneno ya maana: usitazame rangi ya gamba wala manyoya, tazama ncha za magando. Zikiwa nyeusi na kali kama sindano, mtoe. Zikiwa butu kama vijiko, hizo ni za kukwangulia mwani.

Nikakimbia kumwonyesha Shangazi. Hapo kidogo uso ukafunguka. "Huyu anaongea kidaktari," akasema. "Nionyeshe mtu anakulia nini, nitakwambia anakula nini. Alhamisi asubuhi nina nafasi. Nitamchunguza."

Jumatano nzima niliishi kwa mategemeo. Kila nikipata upenyo naenda nyuma kumchungulia kaa, yeye ananipungia. Najua hakuwa ananipungia. Lakini nilimjibu.

Alhamisi Shangazi akaja maabara kwa Fundi amevaa kamili. Glavu, barakoa, na ile miwani yake yenye vikuza viwili mbele na taa katikati ya paji la uso. Kaa akawekwa juu ya meza ndani ya chombo chake. Mimi narekodi. Fundi kaegemea rafu ya vinywa. Shangazi akainama, taa ikampiga kaa.

Akainuka polepole.

"Nyeusi," akasema.

"Nini nyeusi?"

"Ncha. Njoo uone mwenyewe."

Nikachungulia. Mungu wangu. Ncha za magando yote mawili zilikuwa nyeusi! Nyeusi ti, kama mtu aliyechovya vidole kwenye wino.

"Mfungashe," Shangazi akasema, akivua glavu. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo, ila kwa muda mfupi tu alijiachia akatumaini. "Arudishwe leo leo. Na uniandalie ndoo za Jumamosi."

"Shangazi, subiri."

"Hakuna cha kusubiri, mwanangu. Nimeona."

Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kubishana, na vidole vyangu vikafanya vinachokifanya siku zote nikichanganyikiwa: vikafungua simu. Nikarudi nyuma kwenye picha. Za jana. Za juzi. Ile ya kwanza kabisa, kaa ndani ya mfuko, juu ya kadi za wagonjwa. Nikaivuta kwa vidole viwili, ikawa kubwa, ikawa kubwa zaidi.

"Shangazi!"

"Nimesema..."

"Nyeupe! Tazama! Jumanne zilikuwa nyeupe!"

Akanyang'anya simu. Akaishusha ile miwani, akatazama, akatazama tena chomboni, akarudi kwenye simu. Gando lile lile, lenye kovu dogo pembeni. Kwenye picha ncha ni nyeupe kama maziwa. Chomboni ni nyeusi.

"Kaa hawezi kuota kucha nyeusi kwa siku mbili," akasema kama anajisemea.

"Labda ni ugonjwa?" nikasema.

"Labda ni..." Akageuka.

Fundi alikuwa anapangusa kinywa cha plasta ambacho kilikuwa kisafi. Anakipangusa kwa bidii. Watu wawili tunamtazama, yeye anapangusa tu.

"Shemeji," akasema Shangazi.

"Naam, shemeji."

"Umemfanya nini mgonjwa wangu?"

"Mimi? Hapana. Kawaida tu." Akaweka kinywa chini. "Yaani... jana alikuwa ametulia, nikasema hebu nimwone anavyong'ata. Si unajua mimi, kila kinachoingia humu lazima king'ate karatasi."

Kama hujawahi kutengenezewa jino, hii karatasi huijui. Ni utepe mwembamba wenye wino mzito. Mgonjwa akishawekewa jino anaambiwa ng'ata, sasa saga, sasa ng'ata tena, na wino unabaki pale ambapo jino limegusa. Ndivyo fundi anavyojua wapi pa kupunguza. Fundi wetu amefanya hivyo maisha yake yote. Kaletewa kaa, kampa karatasi ang'ate!

"Na wewe ukaona ni sawa kunyamaza," Shangazi akasema, "wakati nimesimama hapa namhukumu."

"Mimi nilidhani mnaongelea ncha nyingine!"

"Kaa ana ncha ngapi, shemeji?"

Shangazi hakungoja jibu. Akachukua kipande cha pamba, akailowesha maji ya chumvi, akamshika kaa kwa nyuma ya gamba kama anavyoshika taya la mtoto mkorofi, akapangusa. Pamba ikatoka na rangi ya bluu iliyoiva. Akapangusa tena. Chini ya wino, ncha nyeupe pe.

Nilipiga kelele mpaka mgonjwa huko mapokezi akaita, "Jamani, kuna usalama huko?"

"Upo!" nikamjibu. "Mshtakiwa hana hatia!"

"Bado," Shangazi akasema. Lakini nilimwona, mdomo umeshaanza kucheza pembeni. "Rangi ni sifuri. Rangi tumempa sisi. Nataka umbo. Ni sindano au ni kijiko?"

Hapo ndipo kazi ikawa kazi. Kaa alikuwa ameshachoka na familia yetu. Kila Shangazi akikaribisha kikuza, yeye anakunja magando kifuani, anaficha ncha, anatulia kama jiwe. Ukimgeuza, anageuka. Ukimmulika, anarudi ndani ya bomba. Tuliambulia picha za ukungu tu, na Shangazi si mtu wa kuamua maisha ya Bi Harusi kwa picha ya ukungu.

"Hafungui mdomo," Fundi akasema.

Nami, sijui hata kilichonituma, nikauliza, "Kwani wale watoto wanaokataa kufungua mdomo mnawafanyaje?"

Wakatazamana. Mashemeji hawa huwa hawakubaliani hata kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Lakini siku hiyo walisema kwa pamoja, kama wamefanya mazoezi:

"Nta!"

Fundi aliruka kama kijana. Akatoa bamba la nta ya waridi, ile wanayopimia mng'ato wa watu, akakata kipande chembamba, akakipasha juu ya kimoto chake, akakipoza kidogo kwa kupuliza. "Isiwe ya moto, isiwe ngumu," akawa anasema peke yake, "iwe kama siagi inayofikiria." Akakishusha majini mbele ya bomba, taratibu, akakitikisa.

"Njoo, mheshimiwa. Njoo ung'ate. Hailipiwi."

Kaa akatoa jicho moja. Akatoa la pili. Fundi akatikisa tena. Na jamani, lile gando la kulia likatoka kama mlango uliofunguliwa kwa teke, likaidaka nta, likabana!

"Usivute!" Shangazi akanong'ona. "Mwache aachie mwenyewe."

Sote tumeinama, vichwa vitatu vinagusana. Mimi simu imening'inia kwenye kamba shingoni na sikumbuki hata kama inarekodi. Kaa akabana, akafikiri, akaona nta haina ladha, akaiacha kwa dharau.

Fundi hakuridhika na kuitazama nta. Akakoroga plasta kidogo sana kwenye kibakuli, akaidondosha ndani ya lile shimo la mng'ato kwa ncha ya sindano, akaitikisa mezani itoe hewa. Tukasubiri ikauke. Shangazi alitoka akaenda kumtoa mtu jino, na naapa hajawahi kutoa jino upesi namna ile. Yule mgonjwa alitoka ameshika shavu, anauliza, "Tayari? Mbona sijajiandaa kuogopa?"

Aliporudi, ameshika kibahasha kidogo.

"Nini hicho?"

"Gando," akasema. "La yule aliyemla Bwana Harusi. Nilimkamata kwa kibano likamng'oka hili, nikaliweka na meno yaliyonipa taabu." Akanikazia macho kabla sijasema kitu. "Usiniulize kwa nini."

Nikampisha mezani.

Fundi akakwangua nta, akapuliza unga, akaiweka kazi yake juu ya kitambaa cheusi. Ilikuwa ndogo, ndogo ajabu, mfano wa ncha za gando kwa plasta nyeupe, kila mkunjo upo. Shangazi akatoa gando la muuaji kutoka kwenye bahasha, akalilaza kando yake. Akavaa miwani. Akawasha taa.

La muuaji lilikuwa ncha mbili nyembamba, nyeusi, zimepinda kama kucha za paka, zinakutana kwenye kitone kimoja. Zile ni za kutobolea. Hata mimi nisiyejua kitu niliona.

Na za kaa wetu? Pana. Butu. Mbonyeo katikati, kingo za mviringo. Vijiko viwili vimetazamana, kama mtu anachota uji kwa mikono yote.

Shangazi alihamisha taa kulia, akahamisha kushoto. Akachukua kichokonoo chake chembamba kabisa, akapitisha ncha juu ya plasta, ndani ya ule mbonyeo.

"Hiki," akasema polepole, "hakitoboi. Kinakwangua." Akainua uso, na macho yake nyuma ya vikuza yalikuwa makubwa kama ya Bi Harusi. "Nimetumia miaka mingi kukwangua vinywa vya watu, ninakijua chuma cha kukwangulia nikikiona. Shemeji, huyu ni mwenzangu wa kazi!"

"Kwa hiyo anaingia?" nikauliza.

Akavua miwani. Furaha ikapungua kidogo, daktari akarudi. "Kijiko nacho kinaweza kuokota nyama, mwenye njaa akikishika. Kwa hiyo mtampa chakula kwanza, ashibe. Ataingia mchana, taa zote zimewaka, nami nitakuwa nimesimama pale na kibano kirefu. Akimnyoshea mkono, nje. Sitabishana naye."

Ijumaa mchana. Sitaisahau Ijumaa ile!

Kaa alikula kipande cha mwani mkavu mpaka akakiacha mwenyewe. Tukamzoesha maji ya tangi, kikombe kimoja kimoja, joto lifanane, chumvi ifanane, mpaka Fundi akasema hata wakwe hawapokelewi kwa adabu hii. Viti vya kusubiria vilikuwa vimejaa. Nilikuwa nimeshawasimulia wote, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anasubiri jino tena. Mama mmoja mwenye shavu lililovimba alinyanyua mwanawe begani aone. Mwanaume mmoja alitoka kabisa kwenye kiti cha matibabu, kitambaa cha kifuani bado kimening'inia, nusu ya mdomo umekufa ganzi.

"Tuonyeffe na ffiffi," akasema.

Shangazi akasimama ubavuni mwa tangi, mikono ya koti imekunjwa mpaka viwiko, kibano kirefu kimeingia majini kama mkuki. Bi Harusi yuko pale pale, kwenye ukingo wake wa jiwe, amebanwa na mapovu kila upande.

Nikashusha chombo. Nikakilaza. Kaa akatoka.

Alisimama kwanza mchangani, akanyoosha miguu. Kulikuwa na mawe mengi. Kulikuwa na mapovu kila kona. Angeweza kwenda popote. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaanza kutembea upande upande, moja kwa moja, kwenda kwenye jiwe la Bi Harusi.

"Jamani," mama mwenye shavu akanong'ona.

Akapanda. Mguu baada ya mguu. Kibano cha Shangazi kikashuka. Bi Harusi akazungusha macho, akamwona, na hakusogea. Yule samaki hajui kukimbia! Kaa akafika karibu na mkia wake. Akasimama. Akainua gando la kulia, akalifungua.

"Shangazi," nikasema.

"Kimya."

Mkono wa Shangazi unatoboa mzizi wa jino usioonekana kwa macho. Sasa ncha za kibano zilikuwa pande zote mbili za gamba la kaa, bado tu kubana.

Gando likashuka. Likapita mkia wa njano, karibu kabisa, hata upepo wa maji ukautikisa. Likaingia chini yake. Likanyofoa povu moja kubwa la kijani, pukuchu, likalipeleka mdomoni. Akatafuna.

Akarudisha gando. Akachuma lingine.

Ukumbi ulilipuka! Fundi aliruka akagonga kichwa kwenye taa. Mtoto begani anapiga makofi, mama yake anacheka ameshika shavu, "Aii, linauma, aii, msinichekeshe!" Yule wa ganzi kainua mikono yote miwili, anapiga kelele, "Amekuya! Amekuya!" mate yanamtiririka na hajali. Mimi nilikuwa nalia na nacheka na narekodi, na ile video ukiiona ni dari tupu na kelele.

Shangazi alikuwa bado kainama, kibano kimemponyoka kimelala mchangani, mkono uko majini mpaka kiwikoni. Hakupiga kelele. Alikuwa anamtazama kaa akichuma, anachuma na kula, anachuma na kula, safu baada ya safu, mpaka kikatokea kipande cha jiwe kitupu, safi, cheupe, ukubwa wa kitufe cha shati. Bi Harusi akakitazama. Akajisogeza kwa kiuno, akakikalia.

"Umeona, mwanangu?" Shangazi akaniambia. "Umemwona alivyokaa?"

"Nimeona, Shangazi."

"Shemeji!" akaita, na sasa sauti ilikuwa ile ya kutikisa madirisha. "Zile ndoo za Jumamosi ziondoe hapo mlangoni! Watu watajikwaa!"

"Daktayi," akasema yule mwanaume wa ganzi, anapangusa kidevu, "jino yangu yee?"

"Linakungoja, baba. Vuta kiti. Kwanza tumwone anamaliza lile fungu la kushoto."

Akavuta kiti. Tukakaa wote, daktari katikati, maji yanamtiririka kwenye kiwiko, tukatazama.